Maji yameondoka, tope limebaki: nianze na lipi?

*Shangazi, shikamoo. Nina watoto wawili, napanga chumba kimoja Kigogo, Dar es Salaam, karibu na Mto Msimbazi. Mvua za juzi maji yaliingia ndani hadi usawa wa dirisha. Sasa yameondoka, nimebaki na tope, godoro limelowa, vyeti vya watoto vimeloana. Majirani wanataka kila chumba kitoe mtu tusafishe kwanza choo cha pamoja na kuzibua mfereji. Mimi naona nianze na chumba changu, watoto wapate pa kulala. Baba mwenye nyumba naye anasema kodi iko palepale. Nifanyeje?*
Mama Wawili, Kigogo

Marahaba mwanangu, na poleni sana nyote hapo nyumbani.

Wasikilize majirani zako. Choo cha shimo kikiingiwa na maji ya mto, vilivyokuwa chini hupanda juu na kusambaa uani kote, hadi kisimani. Ukisafisha chumba leo, kesho watoto watakanyaga uchafu uleule wauingize ndani, na kipindupindu hakihitaji zaidi ya hapo. Kama una ndugu anayekaa mbali na bonde, watoto walale kwake siku mbili tatu, wewe ushike koleo na wenzako.

Tope litoeni likiwa bichi. Kwanza koleo na maji, halafu sabuni, jiki mwisho kabisa, maana ukimwaga jiki juu ya tope umeitupa. Robo lita kwenye ndoo ya lita 20 inatosha. Fungueni madirisha, na msiichanganye na dawa nyingine ya chooni. Vaeni gambuti. Mwenye kidonda mguuni asiingie topeni, apewe kazi nyingine: homa ya mgunda, ile iliyozuka Lindi mwaka 2022, hutokana na mkojo wa panya na wanyama wengine, na hupenya kwenye ngozi iliyochubuka. Maji ya kisima msinywe mpaka bwana afya wa kata aje akitibu. Ya bomba nayo chemsheni yatokote hasa.

Godoro la sponji lililolala kwenye maji ya mto litupe. Najua bei yake, na najua utatamani kulianika. Juu litakauka, ndani litabaki na maji ya chooni, na watoto watalilalia usiku kucha. Vyeti vitenganishe polepole vikiwa bado na unyevu, tia gazeti kati ya karatasi na karatasi, uviache kivulini penye upepo. Kilichochanika kabisa, kama ni cha kuzaliwa, nenda RITA, ofisi inayotoa vyeti hivyo, ukaombe nakala.

Kabla hujafuta ukuta, piga picha ile alama ya tope inayoonyesha maji yalifika wapi. Nenda nayo serikali ya mtaa, jina lako liandikwe, lako wewe, siyo la mwenye nyumba. Hapa nina uchungu. Nimeona orodha za waathirika zenye wenye nyumba watupu, wakati nyumba moja ina vyumba sita na kila chumba kina familia. Unga na mablanketi yakifika, mpangaji anaambiwa jina lake halipo. Wapangaji wote mwende pamoja, siku moja. Suala la kodi pia lizungumzeni mbele ya mwenyekiti: mwombe baba mwenye nyumba akusogezee mwezi mmoja, na mkikubaliana iandikwe.

Wapo watakaokuambia hama tu. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua watu zaidi ya 40 hapa jijini, familia nyingi za bondeni zilipelekwa Mabwepande, pembezoni mwa jiji, na wapo waliorudi kwa sababu riziki yao ilikuwa Kariakoo. Siwalaumu. Lakini kodi yako ikiisha, tafuta chumba upande wa juu, hata kama ni kidogo kuliko hicho.

*Shangazi, usiku ule kwetu Mchikichini hakukunyesha hata tone, mto ukaja tu. Inakuwaje?*
Kijana wa Mchikichini

Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu, mwanangu, ukashuka Vingunguti na Kigogo hadi Jangwani, kisha unaingia baharini pale Daraja la Salenda. Mvua ikipiga Pugu, ninyi mtapata maji mkiwa mmelala pakavu. Na bahari ikiwa imejaa, hasa siku za bamvua, inapojaa kupita kawaida, maji ya mto hukosa pa kutokea yakatanda bondeni.

Kwa hiyo msiangalie mawingu ya kwenu peke yake. Tafuteni namba za watu wawili, mmoja Pugu, mmoja Vingunguti, wanaokubali kupiga simu hata saa nane za usiku. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari, vijana mkeshe kwa zamu. Simu ikiingia, anzeni kugonga milango ya wazee na wenye ulemavu, kwa sababu hao ndio wanaohitaji mtu wa kuwashika mkono kutoka.