Maswali yenu: watoto, umaskini na wale wa tableti

Mumeniuliza sana kuhusu wanaopita majumbani na tableti kuuliza watoto wanakosa nini. Haya.

Nyumba yetu ya mawe, Mkomani hapa Lamu, urithi wa babu. Mbona tunahesabiwa wenye nacho?
Kwa sababu maswali yanaanzia ukutani na paani. Makuti ufukara, mawe mali. Kwa Lamu hesabu hiyo inaenda tenge, nyumba ina warithi kibao, boriti zishaoza, watoto wanalala mkekani na mtu wa tableti ashatiki "nyumba nzuri".

Orodha ya vitu ambavyo mtoto akivikosa anahesabiwa maskini ni ipi?
Jamani, tena? Hakuna moja. Ulaya mwaka 2018 walikubaliana vitu 17, 12 vya watoto wenyewe (pea mbili za viatu, nguo mpya, matunda na mboga kila siku, safari za skuli...) na 5 vya nyumba, mtoto akikosa vitatu kwa sababu ya pesa anahesabiwa mhitaji. Lakini tusiikopi vile ilivyo, mumo kuna kupasha nyumba joto na kuwa na gari. Gari, kwa vichochoro vyetu hivi!

Mwanangu hana baiskeli, ni maskini?
Hana kwa kuwa hataki au kwa kuwa huna pesa? La kwanza halihesabiwi.

Mbona anaulizwa baba tu?
Hapo ndipo ninapopigia kelele kila siku. Hata huko Ulaya anajibu mtu mzima, na mtoto mmoja akikosa kitu wote wa nyumba ile wanahesabiwa wamekosa, kwa hivyo nani hasa amekosa hujui. Kuna nyumba naijua mtaa wa Wiyoni, kaka na dada wana pea moja ya viatu, kaka anavivaa asubuhi skuli, dada anavingoja ndipo aende chuoni (madrasa) jioni. Baba aliulizwa watoto wana viatu, akajibu wanavyo, na hakusema uongo, viatu viko. Mbele ya mgeni ungetaka aseme nini? UNICEF wana njia yao, MODA, inahesabu mtoto kwa mtoto kulingana na umri, na KNBS, shirika la takwimu la Kenya, waliitumia kwenye ripoti ya umaskini ya 2020, afadhali. Ila nyinyi wa tableti, muulizeni mama pia, na msije musimu wa samaki mukaandika watoto wanakula samaki kila siku, njooni kusi ikivuma, mashua ziko juu ufukweni, mutazame sufuria.

Nikisema sina kitu nitapewa msaada?
Hapana, hiyo ni takwimu. Na anayekudai pesa ili akuandike ni tapeli, usimpe hata namba ya M-Pesa.