Magugu yaliyobaki baada ya dawa: yang'oe kabla hayajazaa

Shamba letu la chini liko upande wa Kahe, ekari tatu za mahindi na maharage. Misimu saba mfululizo nimelisafisha kabla ya kupanda kwa dawa moja tu ya kuua magugu, glaifoseti, maana masika ikianza vibarua wote wa Moshi vijijini wanatafutwa wiki moja.

Msimu wa saba nilikwenda kukagua wiki mbili baada ya kupiga. Shamba zima limekauka, isipokuwa kiraka karibu na pale trekta linapoingilia. Nikachuchumaa. Kishona nguo kimekufa, mchicha pori umekufa. Lakini ile nyasi ndugu ya ulezi, yenye shina bapa jeupe chini na masuke yaliyochanua kama vidole, ilikuwa imesimama bichi. Si yote. Mashina mawili yaliyoachana kiganja kimoja, moja kavu, moja zima kabisa.

"Dada, tuongeze dozi," akasema kijana anayenipigia dawa. Dukani nikashauriwa nijaribu chupa nyingine, nikanunua. Nimefika nyumbani ndipo nasoma lebo: kiambata amilifu, yaani kitu chenyewe kinachoua, ni glaifoseti ileile. Nimebadilisha jina na rangi ya kifuniko, dawa iko palepale. Tafadhali, soma hayo maandishi madogo ukiwa bado dukani.

Glaifoseti hukamata kimeng'enya, yaani kichocheo cha ndani ya mmea, ambacho mmea hukitumia kutengeneza baadhi ya asidi amino, vijenzi vya protini. Kikikamatwa, mmea hugeuka njano, hudumaa, hufa. Lakini katika mbegu zisizohesabika zilizolala ardhini, huweza kuwamo chache ambazo kimeng'enya chao kina umbo tofauti kidogo, na dawa haikikamati. Hizo hazikutengenezwa na dawa. Dawa imeziulia majirani tu, zikabaki na jua, maji na mbolea yako peke yao, kisha shina moja likamwaga maelfu ya mbegu zenye damu ileile. Misimu michache, kiraka kimejaa ukoo mmoja.

Tuliougua malaria enzi za klorokwini tunalijua jambo hili mwilini. Vimelea viliizoea hadi Tanzania ikaacha kuitumia kama dawa ya kwanza mwaka 2001.

Na nyasi hii si ngeni kwa usugu, yaani kutouawa tena na dawa. Glaifoseti iliingia sokoni mwaka 1974, na usugu dhidi yake ukaripotiwa Australia mwaka 1996 kwenye nyasi aina ya raigrasi. Mwaka uliofuata ikawa Malaysia, kwenye nyasi hiihii ndugu ya ulezi. Marekani kuna mchicha pori uliopata njia nyingine: umerudufu jeni ya kile kimeng'enya, pengine zaidi ya mara mia, hivyo unakitengeneza kwa wingi kuliko dawa inavyoweza kukikamata.

Hata hivyo usikimbilie kusema usugu. Maji ya mfereji yenye tope huidhoofisha glaifoseti kwa sababu udongo huinasa. Mvua ikinyesha mapema baada ya kupiga, au nozeli ikiziba, magugu yatabaki vilevile. Mimi nina kosa zaidi: misimu miwili nilipunguza dozi ili chupa itoshe ekari zote. Dozi pungufu huyaacha hai hata magugu yenye usugu mdogo, yakapata nafasi ya kuzaliana.

Nilichofanya kujihakikishia ni hiki. Nilichukua mbegu za mashina yaliyopona, na nyingine za nyasi hiyohiyo kutoka kihambani, shamba la nyumbani, ambako hatujawahi kupiga dawa. Nikazipanda kwenye makopo, kila kundi lake. Zilipofika majani manne nikapiga siku moja, bomba moja, maji safi, dozi ya lebo. Baada ya wiki tatu za kihambani zilikuwa zimekwisha. Za shambani ziligeuka njano, kisha nyingi zikachipua upya katikati.

Siku hiyo nilishuka na jembe. Nyasi hii ina mizizi migumu, kwa hiyo ngoja mvua ilainishe ardhi, ing'oe kabla masuke hayajakomaa, na iliyokwisha kuzaa ifunge kwenye kiroba uitoe shambani. Usiitupe ukingoni. Trekta la kukodi nalo lisafishwe tope kabla halijaingia kwako.

Ukitaka kubadili dawa, badili namna inavyoua, si jina. Na uliza kwanza: 2,4-D, dawa nyingine ya magugu, haiziui nyasi, na itakuharibia maharage. Huku kwetu Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu ina makao Ngaramtoni, Arusha, na afisa ugani wa kata anaweza kukuelekeza.

Masika hii naacha mvua za kwanza ziyaoteshe magugu, nayapalilia yakiwa machanga, ndipo napanda. Kile kiraka nimekizungushia vijiti vinne, na kila Jumamosi nakipitia kwa mkono, shina kwa shina.