Maswali yenu kuhusu Ugaidi Mwekundu wa Ethiopia, kampeni ya utawala wa kijeshi ya kuwaua wapinzani wake

Mauaji yalianza na Mengistu Haile Mariam, kiongozi wa utawala wa kijeshi, mwaka 1977?

Yalianza mapema zaidi. Septemba 1974 wanajeshi wa Derg, kamati ya kijeshi iliyotwaa madaraka, walimng'oa Mfalme Haile Selassie huku wakitangaza kwamba Ethiopia itasonga mbele bila damu kumwagika. Tarehe 23 Novemba mwaka huohuo wakawapiga risasi maofisa wapatao 60 wa utawala wa zamani, wakiwemo mawaziri wakuu wawili wa zamani, Aklilu Habte-Wold na Endalkachew Makonnen. Hakuna mahakama iliyowahukumu. Nikiulizwa nchi ilipotea wapi, nitautaja usiku ule, maana walioua waligundua kwamba hakuna wa kuwauliza.

Kwa nini waliteketezwa vijana waliounga mkono mapinduzi?

Kwa sababu ndio waliokuwa na uwezo wa kuwapinga wanajeshi kwa lugha ya mapinduzi yenyewe. Chama cha Mapinduzi cha Watu wa Ethiopia (EPRP), kilichojaa wanafunzi na walimu, kilidai serikali ya kiraia. Chama kingine cha Kimarx, Meison, kiliamua kushirikiana na Derg. Aprili 1977 Mengistu alisimama uwanjani Addis Ababa akavunja chupa zilizojaa kimiminika chekundu, ishara ya damu ya wapinzani. Siku chache baadaye, mkesha wa Mei Mosi, mamia ya vijana walioandamana waliuawa. Meison nao hawakusalimika. Kabla mwaka haujaisha walikuwa wakisakwa.

Lakini EPRP nao si waliua?

Waliua. Walijaribu kumuua Mengistu Septemba 1976, wakawalenga viongozi wa mitaa na wafuasi wa Meison. Ni haki kulisema hilo. Ila haligeuzi mtoto wa shule aliyekutwa na kikaratasi cha chama kuwa askari wa vita.

Mengistu aliadhibiwa?

Kwa karatasi tu. Alikimbilia Zimbabwe Mei 1991. Mahakama ya Ethiopia ilimtia hatiani kwa mauaji ya kimbari Desemba 2006 bila yeye kuwepo. Akapewa kifungo cha maisha, na mwaka 2008 adhabu ikapandishwa kuwa kifo. Hakurudishwa.

Nimesikia familia zililipishwa risasi. Ni kweli?

Ni kweli, na hili ndilo linaloniumiza kuliko yote. Kebele, ofisi za mtaa zilizoanzishwa mwaka 1975 kusimamia nyumba na ardhi ya mjini, zilipewa bunduki. Waliojua nani analala nyumba ipi ndio waliobisha hodi usiku. Asubuhi maiti ilikuwa barabarani, ina karatasi kifuani inayomwita marehemu adui wa mapinduzi. Mzazi aliyetaka kumzika mwanawe alidaiwa kwanza bei ya risasi iliyomuua. Kulia hadharani kulikatazwa. Mama alipita karibu na mwili wa mwanawe akiwa amefunga mdomo, kwa kuwa nyumbani amebakiza wengine.

Makadirio ya waliokufa yanaanzia makumi ya maelfu hadi nusu milioni. Kando ya uwanja uleule wa zile chupa kuna jumba la makumbusho lililofunguliwa mwaka 2010. Ndani mna mafuvu kwenye kabati za vioo, na kuta zimejaa picha za nyuso. Nyingi ni za watu wa umri wa sekondari.