Futa Jeli, Upime Tena

Msomaji mmoja ameniandikia kwamba anaanza kazi ya kukagua mabamba ya nyuzi za kaboni, na anauliza anunue mashine gani ya ultrasaundi. Ndugu yangu, mimi nilikuwa na mashine nzuri, na bado nilipitisha bamba bovu.

Mafunzo nayaruka, najua cheti cha daraja la 2 cha ukaguzi unakitamani kama tulivyokitamani sote. Bamba lenyewe lilikuwa na unene wa milimita 4. Spana ililiangukia, ikaacha kibonyeo ambacho ungekigundua kwa kidole tu, si kwa macho. Nikapaka jeli ya kupitishia sauti, nikaweka probu ya megahezi 5, kile kifaa kinachotuma sauti na kupokea mwangwi wake. Sauti hupenya humo kwa takriban mita 3,000 kwa sekunde, kwa hiyo mwangwi wa upande wa nyuma hurudi baada ya mikrosekunde 2.7 hivi. Chini ya kibonyeo ulififia, na mwangwi mwingine ukachomoza kwenye mikrosekunde 1.2, yaani kuna kitu kilichorudisha sauti kabla haijafika nyuma. Niliuona. Nikajiambia jeli imekauka, nikasaini.

Kesho yake mkaguzi mwingine, mzee wa kazi, akaligonga bamba kwa sarafu. Ti, ti, ti, kisha du. Walipolipima upya, tabaka za nyuzi ndani yake zilikuwa zimeachana eneo la kiganja kizima. Jina langu likasomwa mbele ya wote. Mwaka wa sita huu, bado linanichoma.

Kaboni si kama bati. Bati likigongwa hubonyea, ukaliona. Kaboni juu hubaki safi, na ndani ufa unatanuka kadiri unavyoshuka. Basi usiyaamini macho, wala usiisingizie jeli. Mwangwi ukififia, futa, paka upya, pima tena. Ukififia palepale, hiyo si jeli! Anza na bamba la rejea la unene uleule, lenye kasoro unazozijua. Sarafu itumie, lakini kwenye bamba nene haifiki chini. Na eksirei isikutulize: tabaka zilizoachana zikiwa zimelala kukingama na mionzi, mara nyingi hazionekani. Nasema tena, futa, upime.

Jumatatu nimekataa bamba jingine. Msimamizi akasema ni jeli. Nikafuta, nikapaka, nikampa probu aishike mwenyewe. Mwangwi ukatokea kwenye 1.9, mara tatu mfululizo, naye akatia alama nyekundu kwa mkono wake.