Tangazo la Usalama Parokiani Limwambie Jirani la Kufanya

Kwa miaka kadhaa sasa mimi ndiye ninayekusanya na kuandika matangazo ya usalama ya parokia yetu: wizi, moto, mafuriko, watoto waliopotea, matapeli wa simu. Kazi hiyo imenizoesha kupima kila tangazo kwa swali moja. Jirani akimaliza kulisoma, atafanya nini usiku wa leo? Kama jibu ni kwamba ataogopa tu, basi tangazo hilo halijawa tayari kutoka.

Chukua ujumbe wa aina hii, ambao bila shaka umeshawahi kuupokea: "TAHADHARI!!! Wezi wako parokiani, wanaingia nyumba hadi nyumba, kuweni macho, sambaza kwa wote." Usome tena taratibu. Wameingia wapi? Lini? Walipitia mlangoni au dirishani? Nani aliyeona? Uliponifikia nilimpigia simu aliyenitumia, naye akanielekeza kwa aliyemtumia, hivyo hivyo hadi nikampata mama aliyeibiwa. Nilipomaliza kuzungumza naye, tangazo lilisomeka hivi: "Usiku wa kuamkia Jumatano, kati ya saa nane na saa kumi, nyumba moja ya upande wa mtoni iliingiliwa. Nondo za dirisha la jikoni ziling'olewa. Taa ya nje ilikuwa imeungua. Polisi wameshapewa taarifa. Kagueni madirisha ya nyuma, badilisheni taa zilizoungua. Ukisikia kishindo usiku usitoke peke yako. Wapigie polisi, kisha waamshe majirani kwa simu." Ujumbe wa kwanza ulikuwa umewakosesha watu usingizi. Huu wa pili uliwatoa nje na nyundo. Siku iliyofuata nilipita nikaona mafundi na wenye nyumba wakikaza madirisha ya nyuma.

Nasisitiza kufuata habari hadi kwa mwenyewe kwa sababu uvumi unaua. Nchini India, mwaka 2018, ujumbe wa WhatsApp uliodai kuwa watekaji wa watoto wanazunguka vijijini ulifanya makundi ya watu wawapige na kuwaua watu wasio na hatia, wengi wao wageni waliokuwa wakipita tu. Baada ya hapo kampuni ilibana usambazaji: Januari 2019 ilitangaza kuwa ujumbe mmoja hauwezi kupelekwa kwa zaidi ya watu au makundi 5 kwa mara moja duniani kote, na Aprili 2020 ujumbe uliokwisha kuzunguka sana ukabanwa hadi 1. Hatua hizo hupunguza kasi, lakini simu haijui kama habari ni ya kweli. Anayeweza kujua ni mtu aliye karibu, anayeweza kwenda kubisha hodi na kuuliza.

Kwa sababu hiyohiyo sitangazi jina wala picha ya mshukiwa, hata nikiletewa na mtu ninayemheshimu. Hapa kwetu picha ya kijana mmoja iliwahi kuzungushwa ikisemekana kwamba anawachunguzia wezi nyumba za kuvamia. Alikuwa anasoma mita za maji. Mama yake alinipigia simu akilia, anaogopa kumruhusu mwanawe atoke kwenda kazini. Picha na namba za gari ni za kupelekwa polisi. Kwenye tangazo elezea kitendo: mtu anabisha hodi, anadai ametumwa kukagua umeme, anaomba kuingia ndani na hana kitambulisho. Maelezo hayo humkinga jirani, yeyote atakayekuja. "Kijana mrefu mwenye koti jeusi" humtia hatarini kila kijana mrefu mwenye koti jeusi.

Kuna jambo wengi hawalifikirii: hata matangazo yetu ya kawaida yanaweza kumfaa mwizi. Tukitangaza kwamba familia fulani yote itasafiri Ijumaa asubuhi kwenda kuzika na itarudi Jumapili, tumeshamwambia kila msomaji nyumba ipi itakuwa tupu na kwa muda gani. Siku hizi naandika mahali na saa ya ibada, basi. Habari za nani anasafiri lini zibaki kwa ndugu, na tunamwomba jirani mmoja abaki akiangalia nyumba ya wafiwa. Orodha ya wazee wanaoishi peke yao na wagonjwa wasioweza kutoka kitandani ninayo pia, maana siku ya moto au mafuriko inahitajika haraka. Lakini hiyo haibandikwi ubaoni wala haitumwi kwenye kundi. Iwe kwa watu wachache wanaoaminika, nao wawe wamewaomba ruhusa wenye majina.

Kuhusu moto, kisa kimoja cha London kinanigusa. Novemba 1935 nyumba iliwaka katika mtaa wa Wimpole na wanawake 5 wakafa. Jirani aliyewapigia simu zimamoto aliwekwa kwenye foleni na kituo cha simu, akasubiri huku moto anauona kwa macho yake. Aliandika barua kwa gazeti la The Times, na kilio hicho kilichangia kuanzishwa huko kwa namba ya dharura 999 mwezi Juni 1937. Namba ya dharura ya mahali unapoishi iwe chini ya kila tangazo, kila mara, hata kama unadhani watu wameichoka. Halafu wafundishe watu kueleza mahali walipo. Mtu aliyepagawa husema "njooni haraka, nyumba inaungua" na kukata simu. Kila nyumba iwe na sentensi mbili zilizoandikwa na kubandikwa karibu na mlango: barabara gani, alama gani kubwa iliyo karibu, unakata kona upande gani. Mtoto anayejua kusoma aweze kumsomea mpokea simu. Na mtu mmoja atoke kusimama barabarani kulipokea gari la zimamoto.

Tahadhari nyingine huja kwa msimu, nami huzitoa kabla msimu haujaanza. Mvua zikikaribia nakumbusha kwamba maji ya kina cha sentimita 15 tu, yakienda kasi, yanatosha kumwangusha mtu mzima, na sentimita 30 zinaweza kulisomba gari dogo. Baridi ikianza naandika kuhusu mkaa na jenereta ndani ya nyumba iliyofungwa: kaboni monoksidi haina rangi, haina harufu, haina ladha. Watu wa nyumba moja wakiumwa kichwa kwa pamoja, wakapata kizunguzungu na kichefuchefu, watoke nje kwanza, maswali baadaye.

Matapeli wa simu wanabadilisha hadithi kila wiki, kwa hiyo sihangaiki kuzieleza zote. Mwanao amepata ajali, umeshinda zawadi, akaunti yako inafungwa: zote zinakuharakisha ili usipate nafasi ya kumuuliza mtu. Kata simu, kisha mpigie mwanao au benki kwa namba uliyokuwa nayo tangu awali, usitumie ile waliyokupa. Namba ya siri na ile ya uthibitisho inayoingia kwa ujumbe hazitajwi kwa yeyote. Aliyetapeliwa apokelewe kwa upole, maana akichekwa, wa pili ataficha.

Mtoto akipotea, usisubiri. Bado wako watu wanaoamini kwamba lazima saa 24 zipite kwanza ndipo polisi wapokee taarifa, na saa hizo za mwanzo ndizo zenye thamani kuliko zote. Nenda polisi mara moja, kisha tangaza: umri, nguo alizovaa, mahali na saa alipoonekana mwisho, tarehe kamili, na namba ya kupiga. Tarehe ndiyo inayosahaulika zaidi. Akipatikana, toa tangazo la pili, futa picha yake, na waombe waliolisambaza wafute pia. Nimeletewa mara nyingi picha za watoto waliokwisha kurudi nyumbani zamani, na kila picha ya namna hiyo inawafanya watu wapuuze ya mtoto ambaye kweli hajaonekana leo.

Mwisho, wapo wasio na simu, na mara nyingi ndio wanaohitaji habari kuliko sisi. Tangazo fupi baada ya ibada huwasaidia, ubao pia, mradi karatasi za zamani ziondolewe. Ila moto na mafuriko havingoji Jumapili. Kila nyumba isiyo na simu ipangiwe jirani mmoja kwa jina wa kwenda kuwabishia hodi, na jirani huyo akisafiri, amkabidhi mwingine kabla hajaondoka.