Gari la spoti la bei kali: bei ya kununulia ndiyo sehemu rahisi

Mkuu, umeuliza kama kununua hizi Ferrari, Lamborghini, McLaren na ndugu zao kuna maana yoyote au ni kuchoma hela tu. Umesema una uwezo wa kununua gari jipya la kawaida la kifahari, ila roho inavutwa na supakaa iliyotumika ambayo bei yake imeshuka mpaka ikafika hapo hapo. Walionitangulia kukujibu wamepigia hesabu bei ya kununulia tu. Mimi ninalo, la Kiitaliano, siti mbili, injini V8 (silinda nane) imekaa nyuma ya mgongo wa dereva, na ni mmiliki wake wa tatu. Jina la kampuni niachie mwenyewe, maana kuna mahali nitalisema vibaya.

Jibu langu fupi: lina thamani ya hela yake kwa mtu atakayeliendesha. Kwa anayetaka kulitunza ndani na kuliangalia, ni hasara, tena ya kila mwaka.

Kitu cha kwanza ambacho watu hawakielewi ni kwamba gari likishuka bei, spea zake hazishuki nalo. Lilipotoka kiwandani lilikuwa na bei ya nyumba. Leo unalipata kwa sehemu ndogo ya hela ile, lakini diski ya breki bado ni ya gari la bei ya nyumba, na fundi anayelijua bado anatoza kama fundi wa gari la bei ya nyumba. Ndiyo maana utakuta yamejaa sokoni kwa bei inayoonekana chee. Mwenye nalo amepewa makadirio ya matengenezo makubwa, akaona bora amwachie mwingine.

Na usije ukadhani yote yanafanana kwa sababu nembo ni moja. Chukua Ferrari tatu zilizofuatana. F355 ya mwaka 1994 ina mikanda ya taimingi, ile ya mpira inayoendesha vali za injini, na kuibadilisha ni lazima injini yote ishushwe chini. Kazi hiyo inarudi kila baada ya miaka michache hata kama gari halijatembea, kwa sababu mpira unazeeka kwa muda hata usipotumika. Ikaja 360 Modena mwaka 1999, hiyo fundi anafungua kifuniko nyuma ya siti na kuifikia mikanda bila kugusa injini. Kisha F430 ya 2004 ikaja na cheni ya chuma badala yake, habari ya mikanda ikafa kabisa. Mtu asiyejua ataona magari matatu mekundu yanayokaribiana bei. Anayejua anaona bili tatu tofauti.

Klachi ndiyo inayoliza wengi zaidi. Magari mengi ya spoti ya mwishoni mwa miaka ya 90 hadi miaka ya 2000 yalikuwa na giaboksi ambayo ndani ni ya manyuo, yenye klachi moja, ila kompyuta ndiyo inayoikanyaga kwa niaba yako. F355 ilianza nayo mwaka 1997, Lamborghini Gallardo wakaiita e-gear mpaka ilipoacha kutengenezwa mwaka 2013. Ukiwa barabara wazi haina neno. Kimbembe ni kwenye foleni ya kusogea nusu mita nusu mita, au kurudi nyuma huku unapanda mlima kuingia getini. Hapo klachi inaliwa huku wewe umekaa unasikiliza muziki. Dereva mmoja ataimaliza upesi, mwingine ataitumia mara kadhaa zaidi ya huyo, gari lile lile. Habari njema ni kwamba fundi akichomeka kompyuta yake anasoma klachi imeliwa kiasi gani. Hiyo namba iombe kabla hujatoa hata senti, na muuzaji akianza kuzunguka zunguka, ondoka. Kuanzia Ferrari 458 ya 2009 na Lamborghini Huracán ya 2014 kuna giaboksi ya klachi mbili, na adha hiyo imepungua sana. Ila omba Mungu giaboksi yenyewe isiguswe.

Mimi kilichonikaribisha kilikuwa kidogo zaidi, na cha kuchekesha: vitufe. Kampuni iliyolitengeneza ilipaka plastiki za dashibodi rangi laini ya mpira, iwe tamu kushika. Baada ya miaka rangi ile inayeyuka. Unabonyeza kitufe cha kushusha kioo, kidole kinarudi kimeganda weusi kama umegusa lami, na alama ya kidole inabaki pale pale. Fundi wa kampuni akasema dawa ni kununua vipya, kimoja kimoja, kila kimoja na bei yake. Nikaving'oa mwenyewe, nikavifuta kwa spiriti na kitambaa mpaka plastiki ngumu ya chini ikatokea. Vikawa safi. Tatizo, michoro nayo ikafutika. Mpaka leo kitufe cha kupasha moto kioo cha nyuma na cha taa za ukungu ni mapacha, abiria hajui kipi ni kipi.

Sasa nije kwenye hoja yangu hasa. Bima unalipa gari likitembea au lisitembee. Pa kulilaza unalipa. Huduma ya kila mwaka unalipa, maana oili na maji ya breki yana muda wake, maji ya breki yananyonya unyevunyevu hata gari likiwa limesimama. Betri usipoiwekea chaja ndogo ya kudumu, alamu na kompyuta zinaimaliza taratibu, siku unayotaka kutoka unakuta milango imegoma. Tairi zinakauka. Pembeni ya kila tairi kuna tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka, kwa hiyo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Nimekagua gari la mtu lenye meno ya tairi mazima kabisa, kusoma tarehe nikakuta tairi zenyewe zimezidi miaka kumi. Nguvu zote zile juu ya mpira mgumu kama soli ya kiatu, hiyo ni ajali inayosubiri mvua.

Gharama hizo zote zigawe kwa kilomita. Mwenye kutoka mara chache analipa kila kilomita moja bei ya kukodi helikopta. Na wengi wanafanya hivyo makusudi, eti wasiongeze kilomita gari lisije likashuka bei. Fikiria vizuri: unamtunzia mnunuzi ajaye gari lake, kwa hela yako, na wewe hulifaidi. Isitoshe, gari lililokaa miaka bila kutembea ndilo linalotokwa na oili kila upande, kwa kuwa sili, ile mipira ya kuzuia oili isivuje, zimekauka. Nikipewa la kilomita nyingi lenye kitabu cha huduma kilichojaa na la kilomita kiduchu lisilo na maandishi, nachukua la kwanza bila kufikiri mara mbili.

Kuna aliyeandika hapo juu kwamba haya ni uwekezaji, akatoa mfano wa McLaren F1. Ni kweli ile imepanda kupita kiasi. Lakini zilitengenezwa 106 tu kati ya 1992 na 1998, zikiwemo za mashindano. Supakaa nyingi za sasa zinatoka kwa maelfu, na zinashuka kama gari lingine lolote, McLaren za miaka ya karibuni zikiwemo, tena hizo zinashuka kwa kasi. Zinazopanda kwa kawaida ni zilizokuwa chache tangu mwanzo, au zenye gia ya mkono iliyoacha kutengenezwa. Ukiikuta iliyokwisha kushuka, ukaiendesha, ukaiuza bila hasara kubwa, shukuru. Usiipangie bajeti.

Upya nao si kinga. Mwaka 2010 Ferrari waliziita zirudi 458 zaidi ya 1,200 kwa sababu gundi iliyoshikilia ngao za joto kwenye matao ya magurudumu ilikuwa ikishika moto. Gari halijamaliza mwaka sokoni!

Haya, raha yake iko wapi? Siyo kwenye kasi. Gia ya pili peke yake inavuka kilomita 100 kwa saa, kwa hiyo sehemu kubwa ya nguvu uliyonunua hutaigusa nje ya kiwanja cha mashindano. Raha iko kwenye vitu ambavyo havionekani kwenye karatasi. Asubuhi mapema, barabara tupu, injini imeshapata joto (usiikamue kabla, tafadhali), mshale unapita mizunguko elfu nne, vali za ekzosi zinafunguka na mlio unabadilika ghafla nyuma ya kichwa chako. Usukani unakuletea kila kokoto kiganjani. Unafika unakokwenda na huna haraka ya kushuka. Gari la kifahari la kawaida, hata liwe tulivu vipi, halijawahi kunifanya nizunguke njia ndefu kwa hiari.

Kuonekana nako kunachosha upesi. Watoto sina neno nao, wakitaka kukaa ndani wakae. Shida ni dereva anayekusogelea na simu mkononi akikurekodi, tena anajibanza pale pale kwenye upofu wa kioo, na magari haya kwa nyuma huoni kitu. Matuta unayapita kwa mshazari, tairi moja moja, huku umebana meno ukisubiri mkwaruzo wa bampa. Likiwa na kitufe cha kuinua pua ya mbele, hicho kina thamani kuliko redio.

Kwa hiyo, mkuu, kabla ya yote kodi moja siku mbili na uifanyie shughuli zako za kawaida, foleni na kuegesha humo humo. Ukirudi bado unaitaka, weka kando hela ya tengenezo moja kubwa. Kama kununua kutakuacha mkavu, bado hujaweza kununua. Mkaguzi awe fundi asiyejuana na muuzaji: apime mgandamizo wa kila silinda, unene wa rangi, asome kompyuta.

Na kwa bajeti uliyoitaja, ningekuwa wewe ningeanza na Audi R8 ya mwanzo, ya V8, gia ya mkono. Injini ina cheni, siti inakaa mtu mzima, na mafundi wanaoijua ni wengi kuliko wa Kiitaliano. Kama Porsche 911 ndiyo ndoto yako, tafuta toleo lake linaloitwa 997, la kuanzia modeli ya 2009, maana zile za kabla ya hapo zina beringi ya shafti ya kati inayojulikana kwa kuua injini, isipokuwa Turbo na GT3. Kwenye R8 chungulia shokapu kama zina mfumo wa sumaku. Zinapenda kuvuja, na zikivuja tumia hilo kupunguziwa bei kabla hujasaini.