Mteja akisema "nishonee jeusi"

Mdogo wangu unayeanza ufundi, siku mteja atakapokuambia "nishonee gauni jeusi", usikimbilie mkasi. Muulize kwanza anakwenda nalo wapi.

Mimi sikuuliza. Ulikuwa mwaka wangu wa pili kwenye cherehani, hapa Tanga. Mama mmoja aliniletea krepu nyeusi, akataka gauni la mikono mirefu la keshokutwa. Niliona kitambaa kimepooza mno, nikamwongezea kwa hiari yangu lesi mabegani na shanga nyeusi shingoni. Alipokuja alilishika, akalitazama kwa muda, kisha akaniambia kwa sauti ya chini kwamba anakwenda kumzika mama yake. Usiku ule nilifumua shanga moja moja mpaka adhana ya alfajiri.

Kosa langu ni kwamba kitambaa chenyewe kilikuwa kimeshaniambia. Krepu ile haikuwa na mng'ao hata kidogo. Katika nguo nyeusi, mng'ao ndio unaosema. Malkia Victoria wa Uingereza alifiwa na mumewe Albert Desemba 1861, akavaa nyeusi mpaka alipokufa mwenyewe Januari 1901. Enzi zile mwanamke wa Kiingereza aliyefiwa alivaa krepu ya hariri iliyofinyangwa kwa joto ikawa na mikunjo midogomidogo na kupoteza mng'ao wake. Hariri nyeusi inayong'aa haikufaa katika miezi ya mwanzo ya msiba, ingawa rangi ni hiyohiyo.

Sasa mtazame bwana harusi wa pwani: kanzu nyeupe, kilemba, na juu yake joho jeusi lenye darizi ya uzi wa dhahabu ukingoni. Hakuna anayemwona akafikiria kifo. Nyeusi ya joho ni ya heshima na mamlaka, na iko karibu na ile ya mawakili mahakamani na ya wahitimu wa chuo. Na mjane wa Kiislamu anayekaa eda, miezi minne na siku kumi, hapa kwetu mara nyingi utamkuta amevaa nyeupe. Anachotakiwa kuacha ni mapambo. Kwa hiyo usikariri kwamba nyeusi ni msiba. Ni msiba kwa baadhi ya watu, kwa kitambaa fulani, kwa mkato fulani.

Kwa Wamaasai, kijana aliyetoka kutahiriwa huvaa nguo nyeusi kwa miezi kadhaa, uso umechorwa kwa rangi nyeupe. Na katika lugha yao Enkai Narok, Mungu Mweusi, ndiye mwema, mwenye kuleta mvua. Mteja wa huko ukimtahadharisha kwamba nyeusi ina mkosi, umemkosea.

Hapa nataka tukae kidogo na kaniki, maana vijana wengi wanalitaja neno hili bila kujua uzito wake. Kaniki ni pamba nyepesi iliyotiwa rangi ya bluu iliyokolea, karibu na weusi. Katika karne ya 19 Unguja na mwambao ilikuwa miongoni mwa nguo za watumwa. Utumwa ulipofutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, wanawake waliokuwa watumwa waliiacha wakajifunga kanga za rangi na maua. Miaka michache baadaye, mwanzoni mwa karne ya 20, baibui likaenea, nalo jeusi, likawa vazi la mwanamke wa heshima zake. Aliyeikimbia nguo ya giza ya utumwa alilitaka mwenyewe vazi jeusi la ungwana. Mimi nikilifikiria hilo, bado moyo unanisisimka. Ndiyo sababu nakuomba: mteja akikuletea pamba nyeusi ya bei nafuu, usiiite kaniki mbele yake. Neno hilo linabeba utumwa, na siku hizi linabeba pia mambo ya waganga.

Wateja wa mjini watakuletea picha ya gauni jeusi fupi la jioni. Hilo lina historia ya Paris. Oktoba 1926 jarida la Vogue la Marekani lilichapisha mchoro wa gauni la Coco Chanel, mbunifu wa mavazi wa huko: limenyooka, mikono mirefu, halina mapambo ila mistari michache ya mshazari. Wakalifananisha na gari la Ford, wakimaanisha kila mtu atalitaka. Kitambaa chake kilikuwa krepu vilevile, ila krepu laini ya hariri inayoteremka mwilini. Mkato ndio ulioitoa nyeusi msibani. Kwa hiyo mtu akitaka gauni la namna hiyo, weka nguvu zako kwenye umbo la nje: mabega, kiuno, pindo. Weusi unameza mishono na mikunjo, jicho linabaki na mstari wa pembeni tu. Ukipinda, kila mtu ataona.

Mambo ya mezani ni machache lakini yanauma. Usichanganye majora mawili ya nyeusi kabla hujayatoa mlangoni kwenye jua. Chini ya taa yanafanana, nje moja linaelekea wekundu na jingine ubluu. Sugua kitambaa kwa pamba nyeupe iliyoloa uone kama kinachuja, na kikichuja mwambie mteja ukweli kabla ya kukata. Piga pasi upande wa ndani, au weka kitambaa kingine juu yake, kwa sababu poliesta nyeusi ikishikwa na pasi ya moto inabaki na alama inayong'aa isiyotoka. Na shona mchana, karibu na dirisha. Macho yako ni mtaji.

Tangu gauni lile la maziko, daftari langu la vipimo lina safu moja zaidi, pembeni kabisa ya ukurasa. Jana nimeandika: kifua 38, kiuno 33, urefu 48, arobaini ya baba.